Ombi la Kufunguliwa Daftari la Mbegu: Risala ya Kikundi cha Tuinuane, Mlalo

Mgeni rasmi, Mratibu wa Mradi wa Mbegu, viongozi wa kijiji, wanakikundi wenzetu:

Kosa tutakalokusomea lilitendeka mwaka huu wa 2024, katika kipupwe. Hatutalifunika. Karibu Mlalo, na ahsante kwa kupanda mlima kutoka Mombo ilhali ungeweza kutuma barua.

Tulikotoka

Tuko wakulima mia mbili ishirini na sita. Kumi na wawili wanalima bondeni. Waliosalia tunalima viazi mlimani. Mradi ulipotutaka tujiandikishe kwa kompyuta katika Daftari la Mbegu, katibu wetu, Dorkasi, aliingiza majina moja moja hadi kifundo cha mkono kikavimba. Ndipo akatafuta programu ya kurekodi kazi: unaionyesha mara moja, nayo inarudia yenyewe.

Ya kwanza ilidai malipo. Ya pili ilitaka nywila ya kikundi, tukaikataa, kwa kuwa aombaye ufunguo kabla ya kuketi si mgeni. Ya tatu ilikuwa ya bure na yenye adabu.

Mafanikio

Kazi ya wiki tatu ilikwisha kabla chai haijapoa.

Changamoto

Siku ya kurekodi, mwenyekiti aliagiza aanze Mzee Nathanaeli, kwa sababu kwetu mkubwa hutangulia. Dorkasi alisema, "Bibi, mzee analima bondeni. Tuanze na mtu wa mlimani."

Akajibiwa, "Umri haupangwi na kompyuta, binti. Andika."

Aliandika. Programu ilichukua majina kutoka kwenye orodha, lakini mahali pa shamba ilirudia alipobofya mara ya kwanza: bondeni. Ikatuandika sote hivyo. Tuligundua tulipopangiwa mbegu za nyanya, na daftari limekwisha kufungwa. Ndugu Jafari alicheka, "Tumehamia bondeni bila kubeba hata kitanda!" Wengine hatukucheka. Nyanya hazistahimili baridi yetu, na asiyepanda viazi vuli hii atanunua chakula hadi masika.

Mgeni rasmi, mashine haikukosea, ilitii. Aliyetii pia alikuwa Dorkasi, na ndiye tuliyemkemea mkutanoni, tukamwondoa katika zamu ya kulimiana. Shamba lake likabaki na magugu.

Ombi letu

Tunaomba daftari lifunguliwe kwa siku saba, kabla ya mvua. Orodha sahihi iko mezani, imehakikiwa na kila mwenye shamba. Safari hii programu itafundishwa kwa makundi mawili, la mlimani na la bondeni, na Dorkasi ndiye atakayeamua nani aanze.

Hatuji kwako tukiwa na deni nyumbani. Jana asubuhi tulikwenda kwa Dorkasi, watu arobaini na majembe. Mwenyekiti, ambaye ndiye anayekusomea risala hii, alimwomba radhi mbele ya wote kwa agizo lake na kwa kemeo lake. Dorkasi akasema, "Nimesikia, bibi. Shika mstari wa juu, huko magugu ni mengi." Mwenyekiti alikwenda mstari wa juu, akaulima hadi mwisho.

Mwenyezi Mungu akushushe mlima kwa amani, akujalie afya vuli na masika.

Ni sisi, Kikundi cha Wakulima Tuinuane, Mlalo.
Imesomwa na Evelina Shemdoe, mwenyekiti.