Siku Njema ya Kumzika Mzee Shu Dekun

Marehemu Shu Dekun alizaliwa Yangloudong, siku ya tatu ya mwezi wa pili, mwaka wa ishirini na sita wa enzi ya Mfalme Daoguang. Alisoma kwa mwalimu wa ukoo miaka minne. Vitabu vilimshinda, ulimi haukumshinda.

Bandari ya Hankou ilipofunguliwa kwa wageni, alishika kazi ya kuonja chai. Mwingereza alitaka chai laini, Mrusi alitaka kali iliyoshindiliwa kama matofali, na kila mmoja alitaka apewe kabla ya mwenzake. Marehemu aliwaonjea wote miaka arobaini, na kwa kweli walimchosha. Alizoea kusema, "Hawa wakigombana, bei inapanda. Wakipatana, tumekwisha."

Mwaka wa nane wa Tongzhi alimwoa Mama Peng Yulan. Mama huyu hakunywa chai maisha yake yote, maji ya moto tu, na mumewe akamtania kwamba ameoa adui wa riziki yake. Mama alifariki mwaka wa kumi na tano wa Guangxu, akazikwa kiwanjani hapa Hankou, nafasi ya mumewe ikaachwa ubavuni.

Miaka saba baadaye wageni wengine walikatiwa maeneo yao ya kutawala mjini, na kiwanja hiki kikaangukia mpakani. Makonseli wawili, wajumbe wa mataifa hayo, ambao kwa adabu hatuwataji, kila mmoja akakiita chake. Vigingi vilipigwa, vikang'olewa, vikapigwa tena. Fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi, lakini hapa nyasi ziliponea ugomvini, maana mshindi angehamisha makaburi.

Kifua kilimbana marehemu tangu majira ya baridi yaliyopita. Kila asubuhi alimuuliza mkwewe, Fang Suqin, "Wamepatana?"

"Bado, Baba."

Wiki hii Fang alirudi sokoni na habari kwamba makonseli wamealikana chakula tarehe kumi na mbili. Marehemu akasema, "Msimwite mpiga ramli atafute siku njema. Nizikeni kabla hawajala. Wakija kutung'oa, watung'oe pamoja."

Alifariki alfajiri ya tarehe tisa, mwezi wa tatu, mwaka wa thelathini na mbili wa Guangxu. Majirani wanasema jeneza halikulala nyumbani hata siku saba, kama la mtu asiye na watu. Waseme. Tumechoka, na tumemtii.

Ameacha mwana, Shu Bowen, mkwe, wajukuu watatu, na dada aliyekuja kwa miguu kutoka Yangloudong alipoanza kuugua.

Leo ni tarehe kumi na moja. Apumzike kwa amani ubavuni mwa mkewe, na kesho mabwana hao wale, wasipatane.