Mama Aniceti na Mashine ya Karanga ya Nakonde

Tarehe 30 Juni 2019, Bi. Genoveva Margwe, ambaye sisi wenzake kazini sote tunamwita Mama Aniceti, atakabidhi funguo za stoo ya wodi ya wanaume ya hospitali yetu hapa Babati baada ya miaka thelathini na mitano ya utumishi. Alianza uhudumu wa wodi mwaka 1984, Babati ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Arusha. Manyara ilipokuwa mkoa, majengo yaliongezeka na wagonjwa wakaongezeka. Subira yake kwa wanaokanyaga sakafu iliyotoka kupigwa deki haikuongezeka. Ofisa mmoja mwenye tai aliwahi kusimamishwa mlangoni dakika kumi mpaka ikauke. Alisimama.

Lakini atakumbukwa zaidi kwa yaliyotokea mwaka 2011.

Februari mwaka ule, lori lililokuwa likirudi Zambia lilipinduka kwenye mteremko wa Bonga. Dereva, Boniface Silavwe wa Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka wa Tunduma, aliletwa kwetu, na mguu wake wa kulia ukakatwa juu ya goti. Mwenye lori alipiga simu mara moja kuulizia lori, kisha hakupatikana tena.

Siku moja Mama Aniceti alimkuta Boniface amejifunika shuka usoni, simu mkononi.

"Nimemwambia mke wangu auze mabati ya nyumba," alisema kwa Kiswahili chake cha mpakani. "Watoto wanne hawajala."

"Mpigie tena," Mama Aniceti alimwambia, kisha akaichukua simu. Mkewe aliitwa Bana Mutale, ndivyo kwao wanavyomwita Mama Mutale, na Kiswahili alikijua kwa kuuza sokoni. "Mama, mimi ni Genoveva wa Babati. Usiuze bati hata moja. Nipe mwezi mmoja."

"Mwezi wa kufanya nini?"

"Utaona," Mama Aniceti alimjibu, akamrudishia Boniface simu.

Kesho yake, wakati wa kukabidhiana zamu, alituomba mchango. Nakiri kwamba mimi ndiye niliyesema, "Mama Aniceti, hapa kwetu Nangara na Nakwa kumejaa wenye shida. Tuanze na Mzambia?"

Akanijibu bila kuacha kukunja mashuka. "Wa Nakwa ana ndugu Nakwa. Huyu hapa ndugu zake ni sisi. Unatoa au hutoi?"

Nilitoa.

Sisi tulishafikiria kumnunulia mkewe cherehani, maana ndicho kinachonunuliwa siku zote. Yeye akapiga simu kuuliza. Kumbe Bana Mutale hajui kushona. Alichokijua ni karanga. Kwao mboga nyingi huungwa kwa karanga zilizosagwa, na wanawake sokoni walikuwa bado wakitwanga. Mashine ya mkono ingetosha, alisema, na Boniface angeweza kuizungusha akiwa amekaa.

Kuanzia hapo, kila akitoka zamu, Mama Aniceti alipita duka kwa duka mtaa wa Maisaka hapa mjini. Halidi, muuza vifaa vya ujenzi, alikubali kuagiza mashine Arusha bila kuweka faida, kisha akawaomba wenzake baada ya swala ya Ijumaa nao wakachanga. Wakulima wa Dareda waliokuja kuwaona wagonjwa wao walitoa maharage, naye akayauza. Mwezi ukaisha mchango haujatosha. Alipopiga simu kuomba wiki moja zaidi, Bana Mutale alimjibu kwamba mabati mawili ya jikoni ameshayauza. Mama Aniceti hakula mchana ule.

Mei, mashine ilipofika, alichukua likizo yake ya mwaka na kumpeleka Boniface mwenyewe kwa basi, magongo ubavuni, mashine miguuni, siku mbili na nusu. Alilala kwao usiku mmoja, akaiona mashine imefungwa imara kwenye meza, akageuza kurudi Babati.

Miezi mitatu baadaye sahani ya kusagia ilipasuka. Boniface alipiga simu akisema basi, ameshindwa. "Hujashindwa, umeharibikiwa," alimwambia, na wiki ileile sahani nyingine ikasafiri na dereva aliyekuwa akielekea Tunduma.

Leo jiko lile limeezekwa upya. Wana mashine ya umeme, na Mutale, binti yao mkubwa, amemaliza sekondari. Matajiri si matajiri, lakini hawajauza tena kitu cha nyumbani ili wale.

Wiki iliyopita Mama Aniceti alituuliza nani atamshughulikia mzee wa kitanda namba tisa, ambaye ndugu zake hawajapatikana. Akaendelea kusimama, akingoja. Evangelina, mhudumu mwenzake, akanyoosha mkono, nami nikanyoosha wangu.

Basi nenda shambani kwako Nakwa, Mama Aniceti. Asante kwa kutusumbua miaka yote hii. Mungu akupe afya, mvua ya kutosha na mavuno mema. Mzee wa namba tisa amekunywa uji wake asubuhi hii, na tumeshampata mtu anayeijua familia yake.