Zizi la Udongo Lililookoa Darasa Langu

Mwangaluka, ndugu zangu! Mungu ni mwema, na leo nina sababu ya kusema hivyo kwa sauti kubwa.

Mnanijua kama mwalimu wa chekechea hapa Bariadi. Darasa langu ni banda la mabati nyuma ya nyumba, na tangu mume wangu afariki ndilo linalotulisha mimi na wanangu. Mle ndani mtoto huchagua mwenyewe kazi ya asubuhi. Huyu anachambua mbegu za pamba, yule anamimina maji kwenye vikopo, mwingine anafinyanga udongo. Mimi nazunguka, naangalia, nauliza maswali. Nilifundishwa hivyo chuoni na nikaamini.

Wazazi hawakuamini. Walitaka kusikia a-e-i-o-u mpaka barabarani. "Mwalimu, sisi tunalipa ili wacheze?" Wakaanza kuwatoa mmoja mmoja, mpaka wakabaki watoto watatu. Nawaambia kweli, nililia. Wenzangu walinishauri nishike fimbo niwakaririshe, wateja watarudi. Nilikataa, ingawa unga ulikuwa umekwisha nyumbani. Nilishapata mtu wa kununua yale mabati, nirudi Nyashimo kwa kaka yangu.

Basi asubuhi moja akaingia baba wa binti mmoja kati ya wale watatu. Ni mfugaji. Simtaji, ila anayecheka huko nyuma anajijua. Akasema, "Mwalimu, nimekuja kumchukua huyu. Udongo hata nyumbani upo."

Nikamwita mtoto. Alikuwa amepiga magoti mbele ya zizi alilolijenga kwa vijiti, limejaa ng'ombe wa udongo. Akasema bila kugeuka, "Baba, ngoja. Ndama bado hawajalala."

Baba akachungulia. Mfugaji hawezi kupita zizi bila kuchungulia, hata liwe la udongo! "Mbona huyu ndama umemwacha na ng'ombe mkubwa? Atamaliza maziwa yote."

"Mama yake amekufa. Nimempa huyu mkubwa, ndama wake alikufa."

"Atamkataa."

"Nimemfunga huyu mkubwa miguu ya nyuma. Akizoea namfungua."

Ndugu zangu, yule baba alichuchumaa. Akaniambia polepole, "Hiyo kazi niliifanya mimi, msimu uliopita. Sikujua kama ananiangalia." Akamuuliza binti ng'ombe wako wangapi. Mtoto akahesabu kwa Kisukuma, akarudia kwa Kiswahili, akatenga mitamba na maksai. Mimi sikuwa nimemfundisha neno hata moja kati ya hayo. Kazi yangu ilikuwa kumpa udongo, nafasi, na muda wa kutosha.

Kesho yake alirudi na mkokoteni wa ng'ombe umejaa udongo wa mfinyanzi kutoka mbugani, mzuri kuliko wangu. Halafu akaenda mnadani, na mnajua wanaume wakikutana mnadani wanavyoongea! Wazazi wakaanza kuja kuchungulia. Wengine walikuja kubisha, wakaishia kuchuchumaa. Leo banda limejaa, na yule binti yuko darasa la kwanza, anasoma vizuri tu.

Nawashukuru mama zangu wa jumuiya mlioniletea mahindi bila kuniuliza maswali. Namshukuru yule mama aliyemwacha mtoto wake kwangu wakati wengine wote walikuwa wakinicheka. Bila ninyi ningekuwa nimeshauza mabati kabla siku ile haijafika.

Nanyi wazazi, naomba kitu kimoja. Ukimkuta mtoto amezama kwenye kazi yake, usimkatishe. Kaa chini kidogo, muulize anafanya nini, halafu msikilize mpaka amalize.

Na wewe baba unayecheka huko nyuma, Mungu akubariki. Ulikuja kumchukua mtoto, ukaondoka umemwacha.