Lyle Burchett na Kofia Iliyowekwa Juu ya Jiwe

Marehemu Lyle Harmon Burchett alizaliwa tarehe 9 Machi 1919 hapa bonde la Caney, milima ya mashariki ya Kentucky, kitinda mimba wa mchimba makaa Enos Burchett na mkewe Telitha. Siku ya tisa mama akafariki. Marehemu akalelewa na dada yake Orpha, mwenye miaka minane, ambaye aliacha shule darasa la tatu na hakumdai mtu asante.

Alisoma shule ya chumba kimoja hapa Caney, kisha chuo Lexington, akamaliza 1941. Orpha alimvusha kijito mgongoni mpaka alipofika miaka tisa, miguu yake ikiburutika majini. Wenzake wakimchokoza, "Lyle, farasi wako leo kala?" naye akiwajibu, "Kala, na anapiga mateke." Ni kweli, mmoja alipigwa.

Agosti 1931 Orpha alikuwa akifua nguo mtoni, chini ya kinu cha mahindi cha Hobart Sizemore. Watu watatu wakamleta Ansel Tate wa chama cha kutetea wachimba makaa, mikono imefungwa, wakamzamisha mpaka akatulia. Serikalini ikaandikwa alilewa akateleza. Orpha alilala kichakani, ngumi mdomoni, mpaka nguo zikakaukia kwenye beseni. Alimwambia Lyle peke yake, mtoto wa miaka kumi na miwili, akamwapisha asiseme.

Marehemu alifundisha shule, akaenda vitani, akarudi 1945. Aliandika riwaya tano. Iliyompa jina Marekani nzima ni *Kivuko cha Mawe*, 1954. Orpha aliruhusu habari ile iandikwe kwa sharti majina yabadilishwe. Iliandikwa meza ya jikoni, Orpha akikata maharage, na kila ukurasa alisomewa. Walipofika ukurasa wa mtoni Lyle akasoma kwamba mkubwa wa wale watu aliingia majini na kofia kichwani.

"Uongo," akasema Orpha. "Aliivua, akaiweka juu ya jiwe, kama yuko kanisani."

"Dada, kofia ina maana gani?"

"Kama unaandika, andika kilichokuwa."

Akaandika. Kofia ile hakuna aliyeijua isipokuwa waliokuwepo, na wale watatu kusoma walijua.

Marehemu alimuoa Frances Doyle wa Cincinnati tarehe 12 Juni 1948, wakajaliwa binti mmoja, Leah. Kitabu kilipotoka, gari la bluu likawa linasimama ng'ambo ya kijito kutwa nzima, mtu ndani, hashuki. Mbwa wawili wakalishwa sumu. Lyle akasogeza meza mbali na dirisha, akawa anakula mgongo umeegemea ukuta wa bomba la moshi.

"Wifi," Frances akalia, "mume wangu anakula kama mwizi! Nani alimwambia mambo haya? Niambie tuhame."

"Mimi sihamishwi na gari," Orpha akamjibu. Lakini alikuwa hatoki kwenda kuteka maji mpaka ahesabu miti ya ng'ambo, asije akahesabu mmoja umezidi, kumbe ni mtu.

Wale watu wakatafuta aliyekuwa karibu na mto siku ile. Wakaona ni Hobart, mwenye kinu. Januari 1955 kinu chake kikachomwa. Akahamia Ohio na watoto sita, akiapa hajasema kitu, na hakuna aliyemwamini.

Lyle akamwambia dada yake, "Nikisema ni wewe, watakuua. Nikinyamaza, nimemwangamiza Hobart."

"Nyamaza," akasema Orpha.

Akanyamaza miaka ishirini na minane, hata kwa mkewe. Riwaya zilizofuata zilikuwa nyepesi. Magazeti yakasema kisima kimekauka. Hakikukauka. Aliogopa kwa ajili ya mtu mwingine.

Tarehe 6 Novemba 1982 alipatwa na kiharusi. Akili ikawa inarudi utotoni, akaanza kuutaja mto kwa sauti. Majirani walikuja na vyungu, Orpha akawazuia mlangoni.

"Nimemletea mkate wa mahindi," Bi Icy Hensley akasema. "Niache nimwone dakika moja."

"Mkate uache. Wewe rudi."

"Una roho ngumu kama kwato, Orpha Burchett! Utamzika peke yako!"

Walisema ni wivu wa dada. Ilikuwa hofu. Kila Lyle alipofungua kinywa, Orpha alikiziba kwa kiganja. Asubuhi ya tarehe 2 Aprili 1983 alifungua tena, naye akakiziba upesi. Ndipo akaona macho ya mdogo wake yameelekea kwenye kikombe. Alitaka maji. Akanyweshwa, akafariki saa nne kasoro robo.

Marehemu ameacha mjane, Frances, binti, Leah, mjukuu mmoja, na dada, Orpha Burchett, miaka sabini na mbili, ambaye ndiye aliyekuwa kichakani siku ile. Hobart Sizemore hakusema neno. Watoto wake waambiwe hivyo leo, na walioketi hapa wawe mashahidi. Katika wale watatu mmoja yu hai. Kama amekuja mazishini, asitafute tena: Orpha anayasoma haya kwa mdomo wake mwenyewe, na hatakaa chini mpaka amalize.

Mdogo wangu, mzigo huu haukuwa wako. Ulale salama.