Tekla Masolwa na Watoto Wasiofikishwa Mahakamani

Ndugu waombolezaji, mimi ni Vedasto Masolwa, kaka wa marehemu, nawasomea maisha ya mdogo wangu kwa niaba ya familia, nikiomba nisikatizwe, maana tangu Jumanne nyumba hii haijapata nafasi ya kulia vizuri.

Tekla alizaliwa Usoke, wilayani Urambo, tarehe 3 Mei 1981, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia 1989 hadi 1995, kisha akajifunza ushonaji Tabora mjini, na tangu mwaka 2000 hadi nguvu zilipomwishia alishona sare za wanafunzi hapa Ipuli. Tarehe 12 Agosti 2006 alifunga ndoa na Zablon Shigela, mkulima wa tumbaku wa Usoke, ambaye tunaye hapa, wakajaliwa Kabula mwaka 2009 na Renatus mwaka 2012.

Ndoa hiyo ilivunjika mwaka 2017, na hapa sitapamba. Siku ya kwanza mbele ya baraza la usuluhishi la kata tulijazana ndugu wa pande zote mbili, wao wakidai watoto ni wa ukoo wao kwa kuwa ng'ombe walitolewa, sisi tukitishia kwenda mahakamani, na mimi nikipiga kelele kuliko wote, hadi Tekla akamwambia mwenyekiti, Mama Nyamizi, "Naomba ndugu zetu wapumzike nje, watoto hawa tumewazaa sisi wawili." Tukatolewa, tukakaa juani, nami nilinuna wiki nzima. Vikao vilikuwa sita, viwili Zablon hakutokea kwa sababu alikuwa anakausha tumbaku, jambo lililotuchosha sana, lakini mwishowe walikubaliana watoto wakae na mama wakati wa masomo, likizo waende kwa baba, na mzazi yeyote asimseme mwenzake vibaya mbele yao, wakatia saini, na kwa miaka saba sikuona hata mmoja akivunja neno.

Tekla aliugua figo tangu Januari 2023, akatibiwa Tabora na Mwanza. Mwezi uliopita alimwita Zablon kitandani, Mama Nyamizi akiwa shahidi, wakawauliza watoto wanataka nini, kisha wakaandika kwamba watakaa kwangu hadi shule zifungwe Desemba, halafu wahamie kwa baba yao, na ndugu wa mama wawatembelee bila kuzuiwa.

Alifariki Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, saa tatu asubuhi, na kabla ya saa sita wifi yake Dafrosa, dada yake Zablon, alikwisha kufunga nguo za watoto kwenye mabegi, mama yetu mdogo Recheli amewafungia watoto chumbani, na wote wawili wanataja mahakama, wakati hata kaburi halijachimbwa. Jamani, tumezidi. Mabegi niliyafungua, na mlango pia, na Kabula aliniuliza jambo moja tu: "Mjomba, karatasi ya mama bado ipo?"

Ipo, ninayo mkononi, na ndiyo hiyo niliyowaeleza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Ipuli, mafundi wenzake, na Mama Nyamizi kwa uvumilivu wake kwetu. Tekla, mdogo wangu, lala kwa amani, nimewasomea, na Zablon amesikia.