Rambirambi kwa Fundi Kunguru

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka fundi wa minara ya simu. Ndiyo, fundi wa minara. Mtaani tulimwita Kunguru, maana kukaa chini alikuwa hakujui.

Kunguru aliajiriwa na kampuni ya simu akiwa kijana. Siku zile mafundi walikwenda wawili wawili. Mmoja juu, mmoja chini analinda swichi ya umeme. Wa juu anauliza, "Umezima?" Wa chini anajibu, "Nimezima, panda!" Bila jibu hilo, hapandi mtu.

Halafu kampuni ikakabidhi minara yake kwa mkandarasi. Mnara uleule, ngazi ileile, Kunguru yuleyule. Fulana tu ndiyo iliyobadilika rangi. Mkandarasi naye akamtwika kazi mkandarasi mdogo. Huyo mdogo akaona fundi wa chini anakula mshahara wa bure, akamwachisha kazi.

Mkewe Kunguru anasimulia: "Nilimpelekea chakula kazini. Nikamsikia anajiuliza, 'Umezima?' Anajijibu mwenyewe, 'Nimezima, panda!' Nilicheka mpaka basi. Leo kile kicheko kinaniuma."

Na alizima kweli, wasikilizaji. Hata siku ile alizima. Lakini ofisini, mbali huko, mtu akaona mtandao unachelewa kurudi, akawasha mitambo kwa kompyuta. Chini ya mnara hapakuwa na mtu wa kumwambia, "Subiri, fundi yuko juu." Kunguru alikuwa ameshika nyaya. Umeme ukamrusha, akaanguka, akafa palepale. Mtandao ulirudi vizuri tu, na watu wakaendelea na maongezi yao.

Mjane alitaka jambo moja: mtu aje msibani aseme, "Huyu alikuwa wetu." Kampuni ikasema, muulize mkandarasi. Mkandarasi akasema, muulize yule mdogo. Mdogo akasema Kunguru alikuwa kibarua, amejiajiri mwenyewe. Jamani, nina hasira, na sifichi.

Tunampa pole mjane, tunawapa pole watoto. Nanyi mnaonisikiliza, mkipiga simu leo, jiulizeni nani yuko juu, na chini kabaki nani.

Mjane ameniruhusu niwasomee rambirambi pekee iliyotoka kazini. Iliingia siku ya mazishi, kwa namba pekee waliyokuwa nayo, ya marehemu mwenyewe: "Ndugu fundi, pole sana kwa kufiwa. Kesho fika kazini kama kawaida."