Alama Aliyoikata Bwana Nusu

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi hii ingawa kwa miaka kumi na miwili nimekuwa wa mwisho kuistahili.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, nyumba ya pili kutoka kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa fundi saa, akaanza shule mwaka 1968, akahitimu ualimu mwaka 1984, akafundisha Kiingereza sekondari miaka kumi na minne, kisha tarehe 1 Februari 1999 akaajiriwa kusahihisha mtihani wa Kiingereza wanaofanya watu wanaotaka kusoma au kufanya kazi ng'ambo.

Huko kila insha ilipimwa na wasahihishaji wawili kwa mambo manne, kujibu swali, mtiririko wa hoja, msamiati na sarufi, kila jambo likapewa alama hadi tisa, na wastani ukasogezwa kwenye nusu iliyo karibu, ndiyo maana shemeji, aliyefunga naye ndoa tarehe 22 Agosti 1987 na kumzalia mabinti wawili, akamwita Bwana Nusu, kwa kuwa hata akiulizwa mchuzi ukoje alijibu kuwa ni sita na nusu, ila anashuku umekaririwa.

Alishuku sana kuwa watahiniwa wamekariri majibu, hasa insha isiyo na kosa, na sentensi moja iliyomjia katika karatasi arobaini.

Nami nilimshuku yeye. Mei 2012 nilifanya mtihani huo, nimeahidiwa kazi ya uuguzi ng'ambo kwa sharti la sita na nusu, nikapata sita. Karatasi zina namba, hazina majina, lakini nilikuwa nimeandika, neno kwa neno kwa Kiingereza, usemi wa mama yetu, kikombe hakimjui aliyekiosha, ambao hausemwi nyumba nyingine yoyote. Niliamini ameutambua, akanibana asije akaonekana anapendelea, na nilipomuuliza akajibu kwamba ya ofisini hayaletwi mezani, nikaacha kumwamkia.

Aliugua figo tangu Januari 2023, akafariki tarehe 4 Juni 2024, saa tatu asubuhi. Kesho yake msimamizi wake wa kazi aliniletea fomu kutoka jalada la zamani, na humo kaka ameandika kwamba mwenye insha hii ni wa damu yake, apewe msahihishaji mwingine, alama aliyoitoa yeye isihesabiwe. Alama yenyewe ameikata kwa wino mzito, nimeiinua dirishani, nimeigeuza, sijui kama ilikuwa sita au saba, na kushuku ni tabia, bado nashuku.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa figo, majirani waliompeleka kliniki kwa zamu, na wasahihishaji wenzake, pamoja na wale wawili walionipa sita, ambao siwajui.

Kaka, nami nilikupa alama moyoni, leo naikata, wala siandiki nyingine. Pumzika kwa amani.